Uvimbe wa Mbwa Mzee Haujulikani kwa Macho

Katika nyumba nyingi za askari, mbwa ni mlinzi asiyepokea mshahara. Baba anapokuwa zamu ya usiku, au anapopelekwa kikazi mbali kwa miezi kadhaa, mbwa ndiye anayebaki mlangoni, na mama na watoto hupata usingizi kwa sababu wanajua kwamba yeye hajalala. Mbwa wa namna hiyo huletwa angali mdogo, ndani ya boksi. Hukua pamoja na watoto, huhama pamoja na familia kutoka kambi hadi kambi, na siku moja watu hugundua kwamba ndevu zake zimekuwa nyeupe na kwamba hainuki upesi kama zamani. Ndipo huanza kuonekana pia jambo jingine: vinundu chini ya ngozi.

Vinundu hivyo huzusha maneno mengi barazani. Mmoja husema kwamba huo ni uzee tu, aachwe. Wa pili husema kwamba ni saratani, na afadhali mnyama apumzishwe kwa risasi moja. Wa tatu hutaka aletewe wembe mpya na maji ya moto ili akitumbue. Watu hao watatu hawapatani, lakini kosa lao ni moja: kila mmoja amekata shauri kabla ya kujua anashughulika na kitu gani. Mfano wa nyumba mbili zilizopakana katika laini moja ya askari nchini Uganda unatosha kuonyesha tofauti kati ya kukisia na kujua.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya sajini mmoja, mkewe na watoto wanne. Mbwa wao, Komando, alikuwa dume mkubwa mwenye damu ya kienyeji na ya kigeni. Alipotimiza miaka 8 aliota uvimbe ubavuni, laini kama parachichi lililoiva, unaoteleza chini ya ngozi ukisukumwa kwa kidole. Siku daktari wa mifugo alipokuja kuwachanja mbwa wa laini dhidi ya kichaa cha mbwa, aliuchoma uvimbe ule kwa sindano nyembamba, akavuta, akapaka alichokipata juu ya kioo na kuondoka nacho. Baadaye akaleta jibu: "Ni mafuta, Afande. Mwacheni nayo, ila mpunguzieni chakula."

Tangu siku ile sajini alijiona fundi wa vinundu. Komando alipofikisha miaka 10, kinundu cha pili kilitokea pajani, kidogo kama punje ya haragwe, chekundu kidogo na kisicho na manyoya. Sajini alikitazama kwa mbali huku akipiga viatu vyake rangi, akasema, "Ni mafuta yale yale."

Binti yake wa miaka 13, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha mbwa, alisema, "Baba, hiki hakitelezi. Halafu jana kilikuwa kikubwa, leo kimesinyaa."

"Kinachosinyaa kinapona," akajibu sajini, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kabla ya kusimulia mwisho wa jambo hilo, ni vizuri kufahamu kwamba maneno ya yule binti yalikuwa na uzito kuliko ya baba yake.

VINUNDU SI KITU KIMOJA

Ngozi ya mbwa ina namna nyingi za kuvimba, na nyingi hazina hatari kubwa. Uvimbe wa mafuta, kama ule wa kwanza wa Komando, huwapata sana mbwa wa makamo na wazee, hasa walionenepa. Kwa kawaida ni laini, huteleza, hauumi, na hukua polepole. Hukatwa tu ukiwa mahali pa kumzuia mnyama kutembea au kulala, kama vile kwapani, au ukikua kupita kiasi. Chunjua nazo huota juu ya ngozi za mbwa wazee, kama vijipande vya koliflawa, na zisipojikuna hadi kutoka damu hazina madhara makubwa. Viko pia vifuko vilivyojaa uchafu mweupe mzito, vinavyotokana na vinyweleo vilivyoziba. Hivyo havifai kuminywa, maana vikipasukia ndani ya nyama huleta jipu.

Jipu lenyewe huja kwa haraka, kwa siku mbili au tatu. Huwa la moto, lenye kuuma, na mara nyingi hufuata kuumwa na mbwa mwenzake au kuchomwa na mwiba. Kupe naye huweza kudanganya macho, kwani kupe jike aliyeshiba damu hufanana kabisa na kinundu cha kijivu. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni kuyatenga manyoya na kutazama kama kinundu kina miguu.

Katika nchi za joto za Afrika yuko tena yule inzi ambaye hutaga mayai yake katika mchanga wenye mkojo au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mabuu yake hupenya ngozi ya mbwa, na ya mtu pia, na kufanya vijipu vyenye tundu dogo katikati ambalo funza hupumulia. Vijipu hivyo huonekana tumboni, miguuni na sehemu zinazogusa ardhi mbwa anapolala. Tundu likizibwa kwa mafuta mazito ya kujipaka, funza hukosa hewa, hujitokeza, na huweza kuminywa taratibu hadi atoke mzima. Nyumba yenye mbwa wa namna hiyo haina budi kusafisha mahali anapolala, na nguo zote, nepi za watoto zikiwa za kwanza, zipigwe pasi ya moto kabla ya kuvaliwa.

Baada ya hivyo vinakuja vinundu vyenye hatari. Mojawapo hutokana na seli ziitwazo masti, ambazo hubeba kemikali za kuleta mwasho na uvimbe. Saratani ya seli hizo ni miongoni mwa saratani za ngozi zinazowapata mbwa mara nyingi. Haina sura yake maalumu: huweza kuwa laini kama mafuta, ngumu kama kokwa, au nyekundu kama kidonda. Lakini ina tabia moja ambayo mwangalifu huitambua. Ikishikwashikwa au kuminywa, seli zake humwaga kemikali zile, kinundu huvimba na kuwa chekundu, kisha baada ya saa chache au siku moja hupungua. Kwa hiyo kinundu kinachovimba na kusinyaa si lazima kiwe kinapona. Mbwa mwenye ugonjwa huo huweza pia kutapika na kupata choo cheusi, kwa kuwa kemikali zile huleta vidonda tumboni.

Uko uvimbe mwingine ambao mbwa wazururao huambukizana kwa kupandana. Huu huota zaidi kwenye sehemu za uzazi, na wakati mwingine puani, mdomoni au juu ya ngozi, nao huchuruzika damu. Ni uvimbe wa ajabu, kwani seli za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine na kuota upya. Mwaka 1876 daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alionyesha jambo hilo kwa kuhamisha vipande vya uvimbe kutoka mbwa hadi mbwa. Binadamu hawaambukizwi. Na ingawa huonekana wa kutisha, ni katika saratani zinazotibika vizuri: mara nyingi hukauka kwa sindano za dawa iitwayo vinkristini, zinazotolewa na daktari mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa.

Mtu mwenye macho mazuri kuliko wote hawezi kuvitenga vyote hivyo kwa kuvitazama tu, na hata daktari hawezi. Hilo ndilo jambo ambalo sajini hakulielewa: jibu la kinundu cha kwanza halikuwa jibu la kinundu cha pili.

MKONO, RULA NA DAFTARI

Kazi ya nyumbani si kutoa hukumu, bali ni kugundua mapema na kuweka kumbukumbu. Mbwa aliyepita miaka 7 yafaa apapaswe mwili mzima mara moja kila mwezi. Familia ya askari inaweza kuichagua siku ya mshahara, kwa kuwa hiyo haisahauliki. Mkono uanzie midomoni na kwenye ufizi, upite chini ya masikio, shingoni, kwapani, kifuani, mbavuni, kila titi moja moja, kinenani, mapajani, katikati ya vidole, na umalizikie chini ya mkia. Vidole viwe bapa, visibonyeze kwa nguvu. Katika nyumba ambazo mbwa hashikwi kwa mikono mitupu kwa sababu za dini, glavu za plastiki hutosha kwa kazi hiyo. Mbwa mwenye maumivu huweza kumuuma hata mtoto aliyemlea, kwa hiyo mdomo wake ufungwe kwa bendeji laini au kitambaa, mtu mzima awepo, na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapita muda wake.

Kinundu kikipatikana, yaandikwe mambo yafuatayo: tarehe, mahali kilipo, upana wake kwa sentimita kwa kutumia rula, kama ni kigumu au laini, kama kinateleza au kimeshikamana na nyama, kama kina manyoya, rangi yake, na kama mbwa anakilamba au anakikuna. Mchoro mdogo wa mbwa wenye alama ya msalaba husaidia sana vinundu vikiwa vingi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ya mnyama ni mali. Bila maandishi, mtu anayemwona mbwa wake kila siku ndiye wa mwisho kutambua kwamba kinundu kimekua.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi. Kinundu chochote kinachofikia upana wa sentimita 1, yaani ukubwa wa punje ya njegere, na ambacho kimekaa mwezi mmoja, kionyeshwe kwa daktari wa mifugo. Lakini mwezi usingojwe iwapo kinundu kinakua kwa wiki chache; kama ni kigumu na hakisogei; kama kimepasuka au kinatoka damu; kama kinabadilika ukubwa; kama kiko kwenye titi, mdomoni, kidoleni au karibu na njia ya haja kubwa; au kama mbwa anakonda, anatapika au amepoteza hamu ya chakula.

YASIYOFAA KABISA

Jirani mmoja wa sajini alikuwa mhudumu wa zahanati ya kambi, mtu mwema na mwenye mikono myepesi. Alipokiona kinundu cha Komando akajitolea kukitumbua jioni ile ile. Wema wake ungeleta madhara. Kinundu cha saratani kikikatwa nusu au kikiminywa hutoka damu nyingi, huvimba, na seli zake hubaki ndani zikiendelea kukua chini ya kovu. Vivyo hivyo kukifunga kinundu kwa uzi hadi kioze, kukichoma kwa chuma cha moto au kwa maji ya betri, na kukipaka mafuta machafu ya gari, ni kumtesa mnyama na kuuficha ugonjwa. Kuhusu dawa ya kuogeshea ng'ombe, kummwagia mbwa kwa kukadiria kunaweza kumuua, naye huilamba.

Aidha, sanduku la dawa la nyumbani lisifunguliwe kwa ajili ya mbwa. Panado, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu humeza wakiumwa kichwa au mgongo, huweza kuharibu ini, figo au tumbo la mbwa hata kwa kiasi kidogo. Dawa ya maumivu ya mbwa itoke kwa daktari wa mbwa.

SINDANO KABLA YA KISU

Mhudumu yule alikuwa amekwisha kuuweka wembe juu ya sahani wakati mke wa sajini aliposema, "Baba watoto, kabla ya wembe, lisomwe daftari." Binti akaleta daftari lake la hesabu, ambalo kurasa zake za nyuma alikuwa amezifanya za Komando. Ilikuwa imeandikwa: tarehe 4, sentimita 1, tarehe 11, sentimita 2, chekundu, anajilamba, tarehe 12, sentimita 1 na nusu, tarehe 25, sentimita 2, kigumu.

Sajini alikuwa mtu aliyezoea kitabu cha matukio cha lindo. Kila asubuhi alikisoma na kukitia sahihi, na alikuwa akiwafundisha vijana wake kwamba kilichoandikwa na mlinzi hakipuuzwi hata kama mlinzi mwenyewe ni kuruta. Aliyasoma yale maandishi mara mbili. Kisha akamrudishia mhudumu wembe wake kwa shukrani, na kesho yake akaomba ruhusa ya saa tatu.

Kwa daktari, kazi haikuchukua hata dakika kumi. Sindano inayotumika ni nyembamba kama ya chanjo, na mara nyingi mbwa hahitaji hata ganzi. Seli chache zinazovutwa hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mafuta hujionyesha kuwa mafuta, usaha huonekana kuwa usaha, na seli za masti hutambulika kwa chembechembe nyingi za rangi zilizomo ndani yake. Pengine seli hazipatikani za kutosha, na hapo daktari hulazimika kukata kipande kidogo cha kupelekwa maabara. Msaada wa namna hii huombwa kwanza katika ofisi ya mifugo ya wilaya. Kwa walio karibu na Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere ndicho kinachofundisha madaktari wa mifugo, na wapo pia madaktari wa kujitegemea mijini.

Watu huuliza kwa nini kinundu kisikatwe tu, halafu kijulikane baadaye. Jibu ni kwamba ukubwa wa operesheni hutegemea aina ya ugonjwa. Uvimbe wa mafuta huchomolewa bila kuondoa ngozi nyingi. Lakini kinundu cha seli za masti huhitaji kukatwa pamoja na ngozi inayoonekana nzima kukizunguka, mara nyingi sentimita 2 hadi 3, na tabaka la chini yake. Daktari asiyejua anachokata atakata kidogo mno, na operesheni ya pili juu ya kovu ni ngumu na ghali kuliko ya kwanza. Na kinundu kilichotolewa kisitupwe. Kihifadhiwe katika fomalini na kupelekwa maabara, ili ijulikane ni cha daraja gani na kama kingo zake ni safi.

Kioo cha Komando kilionyesha seli za masti. Daktari alipapasa tezi za kinenani akaziona hazijavimba, akapima damu, akamweleza sajini gharama yote kabla ya kuanza. Sajini aliwaza kwa muda. Mwezi ule karo ya shule ilikuwa haijalipwa. Mwishowe akauliza swali ambalo kila mwenye mbwa mzee hana budi kuliuliza: "Je, si mzee mno?"

Daktari akamjibu kwamba uzee peke yake si ugonjwa. Kinachopimwa kabla ya nusu kaputi ni moyo, figo na ini. Mbwa mwenye miaka 10 ambaye viungo hivyo vinafanya kazi hustahimili operesheni fupi. Akaongeza kwamba kinundu cha sentimita 2 kina gharama nafuu leo kuliko kitakavyokuwa na sentimita 6 baada ya miezi mitatu. Wakapatana kulipa kwa mafungu mawili. Komando alikatwa, akashonwa, akavalishwa kizuizi shingoni kilichotengenezwa kwa ndoo kuukuu ya plastiki ili asilambe nyuzi, na baada ya siku 14 nyuzi zikatolewa. Jibu la maabara likasema kwamba kingo ni safi. Aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi, akafa kwa ugonjwa wa figo akiwa chini ya mwembe wake, na kinundu pajani hakikurudi.

NYUMBA YA PILI

Nyumba ya pili ilikuwa ya koplo. Mbwa wake alikuwa jike wa miaka 9 ambaye alikuwa amezaa mara nyingi. Mke wa koplo aliona kitu kama punje ya hindi karibu na titi la nyuma, akadhani ni maziwa yaliyoganda. Koplo alikuwa amepelekwa mpakani, na barua na simu za nyumbani zilikuwa za karo na za chakula. Nani angeandika habari za titi la mbwa? Mwaka ulipokwisha, punje ile ilikuwa imekuwa chungwa. Likapasuka, inzi wakaanza kutua, watoto wakapaka majivu.

Kwa mbwa majike, uvimbe wa matiti ni jambo la kuogopwa. Karibu nusu yake ni saratani, na saratani hiyo hupenda kuhamia kwenye mapafu. Ukigunduliwa ungali mdogo, kuukata mara nyingi huwa ndiyo tiba kamili. Tena kuna kinga: jike anayefungwa kizazi kabla ya joto lake la kwanza ni nadra sana kuupata, na kadiri joto zinavyopita ndivyo faida hiyo inavyopungua. Kwa madume wazee ambao hawakuhasiwa, vinundu huota karibu na njia ya haja kubwa. Vingi vya hivyo hulishwa na homoni za kiume, na hupungua mbwa akihasiwa. Kwa hiyo anayeleta mbwa mdogo nyumbani leo, na ambaye hana nia ya kuzalisha, anaweza kuzuia mengi kabla hayajaanza.

Koplo aliporudi likizo alimpeleka mbwa wake kwa daktari upesi, kwa kuwa alimpenda. Picha ya kifua ilionyesha madoa kwenye mapafu, na ile pumzi fupi ambayo nyumbani walidhani ni ya joto ikapata maelezo yake. Daktari alisema wazi kwamba kukata titi hakutamponya tena. Koplo akasimama, akasema kwamba basi atamaliza mwenyewe, kwa bunduki, nyuma ya laini, maana ni mbwa wake na si haki kumpa mtu mwingine kazi hiyo.

Ilikuwa kauli ya mtu mwenye heshima, lakini daktari alimkatalia kwa upole. Risasi katika makazi ya watu ni hatari, hukosea, na watoto huisikia. Sumu nayo ni mateso, na huua hata wanyama wasiokusudiwa. Iko sindano ya kumlaza mnyama usingizi asiamke, na mwenye mbwa huruhusiwa kumshika kichwa hadi mwisho. Wakati wa kufikiria jambo hilo hufika mbwa anapokataa chakula, anapokosa pumzi, anaposhindwa kuinuka kwenda haja, au anapokuwa na maumivu yasiyotulizwa na dawa. Si kinundu chenyewe kinachotoa hukumu hiyo, ila ni maisha yaliyobaki nyuma ya kinundu. Koplo alimshika kichwa mbwa wake. Jioni alipovuka uwanja kurudi nyumbani alikuwa amebeba mkanda wa shingo peke yake, na binti wa sajini alimpisha njia bila kumwamkia.

Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ukuta mmoja. Mbwa wote wawili walipendwa, na mishahara haikupishana sana. Tofauti ilikuwa kurasa za nyuma za daftari la hesabu.

GHARAMA NA UJIRANI

Ni kweli kwamba familia ya askari haina fedha za kuchezea. Lakini mambo mawili hupunguza mzigo. La kwanza ni kuuliza gharama mapema na kuanza na sindano, kwa kuwa uchunguzi huo ni wa bei ndogo kuliko operesheni, na mara nyingi humaliza shauri kwa kuonyesha kwamba hakuna cha kukatwa. La pili ni ujirani. Siku ya chanjo, daktari anapokuwa amekwisha kufika katika laini, wenye mbwa wazee wawe wamejiandaa na madaftari yao, na vinundu vyote vitazamwe kwa safari moja. Nauli ya mtu mmoja ikigawanywa kwa nyumba kumi haimlemei yeyote.

Mwenye mbwa mzee na aanze jioni hii, mnyama akiwa ameshiba na ametulia. Apitishe mkono taratibu kutoka mdomoni hadi mkiani, na akikuta kitu, asikiite mafuta wala asikiite kifo. Akipime, aandike tarehe, na akipeleke kwa mtu mwenye sindano na hadubini. Mwezi uliopita koplo alileta mtoto wa mbwa, jike, ndani ya boksi la sabuni. Amekwisha kuuliza siku ya kumfunga kizazi, na mkewe amenunua daftari.